Rafu ya Chini Haiwaki

Jumamosi, 7 Septemba

Mume wangu Radim ameondoka alfajiri na lori, safari hii Uswidi. Akiwa njiani simu hukatika kila tunapofika penye maana, basi nitakuwa naandika humu yale ambayo ningemwambia. Akirudi akitaka atasoma.

Gulio la leo la vitu vikuukuu lilikuwa kwenye uwanja wa zimamoto. Nilikwenda na mwanetu Apolena kwenye kigari chake, nikarudi na kikopo cha poda chenye mfuniko, kimejificha chini ya miguu yake. Kijani ya limau changa. Kaniuzia mzee Otmar. Meza yake huwa ile ya mwisho, penye kivuli, na pembeni anaweka boksi lililofunikwa blanketi jeusi. Unaingiza chombo, unaingiza kichwa, unawasha tochi ya mwanga wa zambarau. Kama kioo kina madini ya urani, kinawaka kijani chenyewe, kama kimulimuli. Kikopo kiliwaka mpaka kwenye kishikio cha mfuniko. Kichwa changu kikiwa bado ndani ya blanketi nikamsikia anawaambia watu kwamba huyu mama ndiye muumini wangu, kila Jumamosi anakuja kusali hapa.

Halafu akanikanya tena, maana mwezi uliopita nilinunua bakuli la kijani kwa macho tu na halikuwa lolote.

"Rangi isikudanganye, binti. Ipo kijani kibao haiwaki. Ipo samawati inawaka, ipo ya waridi, ipo hata ya maziwa. Rangi inasema inachotaka. Taa ndiyo haina haya."

Nyumbani Mama alikitazama kikopo akasema, "Kingine." Akarudi kwenye viazi vyake.

Mama ni mama yake Radim, Drahomíra. Yeye anakaa chini, sisi tunakaa juu, na kwa kuwa juu paa limeinama hakuna ukuta wa kusimamisha kabati. Kabati la vyombo vyangu limekaa sebuleni kwake. Sijawahi kumsikia akilalamika. Hajawahi kulisifu pia.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua. Jino la Apolena. Sijui kama nimelala.

Jumapili, 15 Septemba

Wamenipigia kutoka karakanani. Nafasi yangu ya kupaka rangi mapambo ya Krismasi wanaishikilia mpaka Jumatatu ya tarehe mbili Desemba. Nisipofika, kuna mwingine. Chekechea haichukui mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo ni Mama au hakuna. Nimemuuliza chakulani na yeye akajibu kama mtu aliyeulizwa kama atakula mkate: atakaa na mjukuu wake, nani mwingine? Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu Agosti.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku ya Mama ya kufuta vumbi. Anafuta kila kitu, mpaka majani ya maua. Kabati langu analiruka. Anapita na kitambaa, anafika pale, anaukunja mkono, anaendelea upande wa pili. Nilidhani ni heshima, mali ya mtu haiguswi. Leo nimemtazama vizuri. Halikuwa jambo la heshima. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepita penye mbwa.

Jumapili, 22 Septemba

Nimeona jambo ambalo silipendi.

Mama alikuwa kanisani, Apolena kalala. Nikasema nifute kabati. Rafu ya chini ndiyo ya vyombo vidogo, bilauri, visahani na kile kikopo cha chumvi nilichoanza nacho kukusanya. Nikaishika bilauri ya pembe nane na mkono wangu ukaikataa kabla ya macho. Nyepesi. Nikaipeleka stoo, katikati ya magunia ya viazi, nikafunga mlango nikawasha tochi.

Haikuwaka. Giza tupu, na vidole vyangu vyenye rangi ya zambarau.

Kwanza nilijilaumu, nikasema nilinunua vibaya. Lakini ile yangu niliimulika mwenyewe mara nyingi, nikimwonyesha Apolena, naye akapiga makofi na kusema "taa, taa". Ile yangu ilikuwa na kipovu kidogo karibu na ukingo, kama dengu. Hii haina kipovu. Mshono wa kalibu kwenye hii ni mkali, unakwaruza ukucha. Na kitako ni safi kabisa. Bilauri iliyosukumwa mezani miaka mia hupata mikwaruzo chini, kama nyayo za mtu anayetembea pekupeku. Hii haijatembea popote.

Mtu ameichukua yangu akaweka nyingine.

Nyumba hii ina watu wazima wawili, Radim akiwa hayupo. Mimi mmoja.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimemuuliza nikiwa naanika nguo, bila kumtazama, kama aliwahi kuhamisha kitu kabatini.

"Mimi vyombo vyako sivigusi, Hedvika," akasema. "Wala sivitaki."

Sikumwambia nilichoona. Anayeogelea usimwonyeshe kwamba unajua kina cha maji.

Jumamosi, 28 Septemba

Kisahani chenye ua la krisanthemamu nacho hakiwaki. Juzi kilikuwa kinawaka.

Jumanne, 1 Oktoba

Radim kapiga simu kutoka bandarini. Nikamweleza. Akacheka. Mama aibe? Mama anarudisha stesheni hata mwavuli wa mtu asiyemjua. Akasema nimechoka, nilale. Nikamwambia nalala vipi na mtoto anaota meno, tukaanza kugombana, simu ikakatika. Mara hii nilishukuru.

Jumamosi, 5 Oktoba

Gulio, ukungu mpaka magotini. Nilikuwa bado kwenye geti nilipoiona kofia ya Mama, ile ya sufu ya kijani aliyoifuma mwenyewe, imeinama juu ya meza ya Otmar. Nikasukuma kigari haraka kati ya watu. Nilipofika hakuna kofia. Otmar anafunga kitu kwenye gazeti, anakitia chini ya meza.

Nikamuuliza mama mkwe wangu alitaka nini. Akashika masharubu.

"Mteja wangu ni kama mtu aliyekuja kuungama," akasema. "Hata paka wangu simwambii."

"Kwa hiyo alikuwa hapa."

"Nimesema hata paka, binti."

Hakunitazama machoni. Otmar ambaye hutazama watu machoni mpaka wanunue. Nikaondoka bila kuingiza kichwa kwenye blanketi.

Mama alirudi baada yangu, na kikapu. Alikwenda kununua hamira, alisema. Nikaangalia kikapuni akiwa anavua viatu mlangoni. Hamira ilikuwamo. Kulikuwa pia na gazeti lililokunjwa, na alilifunika kwa skafu.

Sasa picha ninayo. Yeye anatoa vyangu, Otmar anauza kwa wakusanyaji wanaokuja na mabasi, na mimi napewa vya dukani nivifute vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ila sielewi anataka nini. Mwanamke huyu hanunui hata soksi mpya.

Jumatano, 9 Oktoba

Kikopo cha poda. Kimekwenda. Kilichopo badala yake kina mfuniko usiokaa vizuri, unacheza kama sufuria inayochemka.

Rafu ya juu na ya kati hazijaguswa, nimemulika zote. Ni rafu ya chini tu. Ameanza kule ambako macho yangu hayafiki nikisimama. Mwizi mwenye akili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama kaleta uyoga kikapu tele kutoka msituni. Nimeukagua mmoja mmoja kabla ya kuutia kwenye supu. Ameokota uyoga milima hii tangu kabla sijazaliwa. Aliniona nikikagua. Alikula supu yake, akaosha sahani yake, akaingia chumbani.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeanza kumhesabia Mama kila kitu. Apolena ana uvimbe kwenye paji. Bibi anasema kajigonga kwenye kigoda. Kigoda kipi? Kile. Nikakipima kile kigoda na kimo cha mtoto. Kinalingana. Bado nikakaa nakitazama.

Zamani ningesema asante Mama umempaka siagi baridi, na yakaisha. Lakini mtu anayenidanganya juu ya bilauri, nitamwachiaje mtoto kutwa nzima? Bilauri haiwezi kusema. Mtoto naye bado hawezi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Baridi imeingia kweli. Jioni niliporudi na kuni nilimkuta Apolena magotini pa bibi yake anakunywa kakao kwenye kikombe ambacho sikuwahi kukiona. Kidogo, kizito, rangi ya maziwa yaliyotiwa kiini cha yai, na ua la waridi limechorwa ubavuni, na juu yake maandishi ya dhahabu yaliyofutika. Bibi anakishika kwa chini, mtoto kwa vile vishikio viwili kama masikio. Hawakunisikia nikiingia.

Nikauliza kimetoka wapi. Mama akasema ni chake, alinywea yeye utotoni, Radim akanywea, sasa zamu ya huyu. Akasema kwa sauti ndogo ambayo kwake siijui.

Niwe mkweli, moyo ulilainika. Nilisimama pale na kuni mikononi mpaka zikaniumiza.

Jumanne, 29 Oktoba

Apolena hanywi tena chochote nje ya kile kikombe. Hata maji. Hata juisi ya ribena.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Tulikwenda makaburini na mishumaa na maua. Kwenye kaburi la wazazi wake Mama alifuta jiwe kwa kiganja. Baba yake alikufa bado kijana, hata miaka arobaini hakufika. Nikauliza alikufa na nini.

"Mapafu."

Nikauliza alikuwa anavuta sigara?

Akawasha mshumaa wa pili kwa moto wa kwanza, akasema twende, mtoto anaganda. Tukaenda. Nimeolewa nyumba hii miaka mitano na huyo mzee hana picha hata moja ukutani. Nikaliweka hilo pamoja na mengine.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtakatifu Martin kaja na farasi wake mweupe, ndivyo wasemavyo huku theluji ya kwanza ikianguka sikukuu yake. Apolena kaila.

Nimepiga simu kwa wanawake wawili wanaolea watoto mjini. Mmoja amejaa. Mwingine nilimsikia akivuta sigara huku mtoto analia nyuma yake.

Jumamosi, 16 Novemba

Ninaandika mchana, Apolena bado amelala.

Nilipomlaza niliingia stoo na kijagi nilichopata kwa jirani, nikimulike. Nikafunga mlango, nikawasha tochi. Kijagi kiliwaka vizuri. Nikageuka kuchukua kitambaa, mwanga ukapita kwenye rafu ya mitungi ya matango, na hapo kati ya mitungi kitu kikawaka kijani, kikali kuliko kijagi. Kidogo, chenye masikio, kimeoshwa na kupinduliwa kikauke.

Kikombe cha Apolena.

Nilizima nikawasha tena. Nilikitoa nje kwenye mwanga wa dirisha, kikawa cha maziwa. Nikakirudisha, kijani. Otmar alisema ipo hata ya maziwa na mimi nilimsikiliza kwa sikio moja.

Sisi tunaokusanya tunasema, na ni kweli, kwamba vyombo hivi vikikaa kabatini havidhuru. Lakini hakuna mkusanyaji mwenye akili anayemnywesha mtoto juisi ya ribena humo kila siku, uchachu ukilamba kioo. Mimi mwenyewe sijawahi kuvinywea. Na huyu mwanamke ambaye havigusi vyombo vyangu, wala havitaki, anampa mwanangu kikombe cha namna hiyohiyo asubuhi, mchana na jioni. Sikutaka kufikiri nilichofikiri. Nilikifikiri. Nikakitia mfukoni mwa aproni.

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Niliweka mezani ile bilauri ya uongo, nikaweka na kikopo chenye mfuniko unaocheza. Akaendelea kumenya. Ganda lilikuwa refu, halikukatika.

Nikamwambia nilijua tangu Septemba. Nikamwambia niliiona kofia yake kwa Otmar. Yeye akachukua kiazi kingine. Basi nikasema lile nililolilalia wiki nzima:

"Bila ukweli, Mama, kazini sirudi. Na Apolena hashuki tena ngazi hizi nikiwa sipo."

Kisu kikasimama. Aliosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akatwaa skafu. "Njoo," akasema.

Akanipeleka kwenye banda la kuni. Nyuma ya magogo ya mwaka juzi, yale ambayo hatuyafikii, akavuta kasha la matufaha. Ndani, kila kitu kimefungwa gazeti peke yake kama yai. Nikafungua la kwanza: bilauri, na kipovu chake kama dengu. Kisahani cha krisanthemamu. Kikopo cha poda. Hata ufa mmoja hakuna. Hakuuza kitu. Kwa Otmar alikuwa akinunua, kwa pensheni yake, vile vya kunidanganyia.

"Hivyo ni vyako," akasema. "Nisingevitupa. Nilitaka tu visiwe pale anapofikia."

Hapo ndipo nikaielewa rafu ya chini. Nilikuwa nimehesabu urefu wa macho yangu. Sikuhesabu urefu wa mkono wa Apolena.

Alikaa kwenye gogo, mimi nikasimama. Alinieleza huku akitazama kasha. Askari wa serikali ya wakati ule walimchukua baba yake, Mama akiwa bado ananyonya, kwa sababu ya maneno aliyosema baa, wakampeleka Jáchymov, kwenye mashimo ya urani, pamoja na wafungwa wengine. Aliporudi, Mama alikuwa ameanza shule. Mwanamume mrefu akaingia, akasalimia kama mgeni, akashika ukuta akakohoa. Alikohoa miaka miwili, halafu wakamzika. Kwao neno urani halikutajwa. Kisha mkwe wake akaanza kulileta nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye kigari cha mtoto, na kuliweka sebuleni.

"Na huyu mtoto analamba," akasema. "Ulikuwa juu. Alikitoa kile kikopo cha chumvi akakilamba kama peremende."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Radim nilimwambia, alicheka. Wewe niliogopa hutacheka." Akavuta skafu. "Baridi ile uliyojifungua, Hedvika, hukucheka hata kidogo. Ulikuwa unakaa dirishani. Halafu siku moja umerudi na kile kikopo cha chumvi, nikakusikia stoo, peke yako, unacheka. Nikasema mwanangu huyu nimwondolee sumu tu, furaha nimwachie. Nilidhani ukishanunua humuliki tena."

Theluji ilikuwa inaingia mlangoni.

Naye akaendelea, kama mtu aliyefungua mfereji na hawezi kuufunga. Alisema si kwamba baba hakumwachia kitu. Siku ile aliyorudi, njiani akibadilisha treni, aliingia duka la vitu vikuukuu karibu na stesheni, na fedha aliyopewa kwenye geti la gereza akamnunulia binti asiyemjua zawadi. Aliitoa kwenye mfuko wa koti, ndani ya soksi.

"Kikombe kile cha Apolena," akasema. "Ndicho pekee kilichotoka mkononi mwake."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni, umekishika.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema kimevunjika, samahani Mama, ningemnunulia mtoto kingine na kile nikakifunga gazeti nikakificha nyuma ya magogo. Nikaona kwamba nilikuwa tayari kufanya jambo lile lile alilofanya yeye, na kwa sababu ile ile. Na kwamba nilikuwa nimetoka tu kumwambia bila ukweli mtoto hashuki ngazi.

"Mama, njoo stoo," nikasema.

Akaja. Tukasimama kati ya viazi na matango, nikafunga mlango. Nikamwomba ashike kikombe, nikawasha.

Kiliwaka mikononi mwake, mpaka mikunjo ya vidole ikaonekana. Maandishi yaliyofutika yalitoka meusi juu ya kijani: Kumbukumbu. Hakupiga kelele, hakukiangusha. 

"Zima," akasema.

Nikazima. Gizani nilimsikia akipumua kwa pua, kama anayepanda mlima.

"Alijua?"

"Hakujua. Kwa macho hakijulikani, Mama. Mimi nina tochi na nimekiangalia wiki tatu bila kujua."

"Nimekunywea humo maisha yangu. Na Radim."

"Ndiyo."

"Na tupo."

"Mpo."

Juu, sakafu ililia; Apolena alikuwa anageuka kitandani.

"Asinywee tena," akasema.

"Hatanywea."

"Washa tena kidogo," akasema Mama.

Jumapili, 17 Novemba

Tumezungumza mezani, kama watu wanaouziana ng'ombe. Masharti yangu: kabati linafungwa kwa ufunguo, ufunguo unakaa juu yake asikofika mtoto, na rafu ya chini haina tena kioo, tutaweka vitabu vya picha vya Apolena. Akiogopa jambo ananiambia mimi, usoni, hata kama nitanuna siku tatu. Akinificha tena lolote linalomhusu mtoto, namtafutia mtoto mahali pengine, na simaanishi kutisha.

Akakubali kwa kichwa. Akasema na yeye analo lake moja.

"Uache kunikagulia uyoga."

Nikasema sawa, Mama. Masikio yaliniwaka.

Nilijaribu kumweleza kwamba vumbi la shimoni, lile walilolivuta wafungwa, si sawa na kioo kilichotulia kabatini. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuamini, naona. Lakini alisikiliza.

Apolena analilia kikombe chake. Amepewa cha bati chenye jogoo. Amekitupa. Amepewa tena.

Jumamosi, 23 Novemba

Otmar aliponiona alivua kofia. Nikamwambia anajua kuungamisha. Akasema alimhurumia Mama: alikuja na bilauri yangu kikapuni, akamwomba inayofanana nayo ila iwe imekufa. "Miaka yote naulizwa kipi kinawaka," akasema. "Yeye peke yake kauliza kipi hakiwaki." Nikaingiza kichwa kwenye blanketi. Hakukuwa na la maana, ila nilikaa humo kidogo.

Jumapili, 1 Desemba

Radim yupo, kalala kochini na Apolena juu ya tumbo. Nimemwambia yote. Hakucheka. Alishuka kwa mama yake, akakaa huko muda.

Kikombe kipo rafu ya juu kabisa, katikati. Mama ndiye aliyekiweka. Alifungua kabati mwenyewe, akakiweka, akafuta rafu kwa ukingo wa mkono wake.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekwenda. Apolena alilia mlangoni, nikamsikia bibi akimwambia mama atarudi, na theluji hii aende wapi kwingine. Sikugeuka. Ningegeuka nisingefika.

Nimepaka nyota za fedha kutwa, shingo imekuwa gogo. Niliporudi walikuwa wanakula mkate wa plamu, mmoja na kikombe cha jogoo. Paji la mtoto nililitazama, ndiyo. Halina kitu.

Nilishuka stoo kuleta viazi. Tochi haikuwa kwenye msumari wake. Ilikuwa juu ya kigoda, kigoda kimewekwa ukutani kama mtu alikaa hapo akastarehe. Nilipoiwasha ilitoa mwanga hafifu, ikafa; kikombe cha baba yake kilikuwa kimewaka hapo muda mrefu.

Wiki tatu zilizopita ningekaa na jambo hilo mpaka asubuhi. Leo nimetia betri mpya, nikairudisha pale pale juu ya kigoda Mama alipoiacha, na ufunguo wa kabati nikauweka kando yake.